Vitambaa Vyangu vya Kochi

Wazo la vitambaa lilikuwa langu, na sitaki mwingine alaumiwe.

Msichana wangu alikuwa gredi ya tatu katika shule ya umma hapa Gitothua, Ruiru, na alisoma akiwa ameketi sakafuni. Darasa zima lilikuwa na madawati manne. Lakini yeye ana kifua kibaya, na simenti ya Ruiru mwezi wa Julai si kitu cha kukalia. Kila nikimpeleka zahanati naambiwa mtoto asikae kwenye baridi. Sasa akae wapi, kichwani kwangu?

Basi wazazi tukatoka. Tulienda ofisi ya elimu, tukaketi kwenye lami pale nje, miguu tumeikunja jinsi watoto wetu wanavyoikunja, tukakataa kuondoka. Saa sita hivi afisa akatoka, mtu mpole, tai imenyooka.

"Wamama, rudini nyumbani. Alhamisi nitakuja nijionee kwa macho yangu."

Tulirudi tukiimba. Wajinga sisi.

Jumatano mwenyekiti wetu wa wazazi, mama mmoja anayeuza nguo za mitumba, akatuita shuleni. "Kesho tuna mgeni," akasema. Hapo ndipo akili zilipoturuka. Kwetu mgeni hakuti nyumba ovyo, hata kama wenyewe mmeshinda njaa. Tukafagia, tukaziba mashimo ya sakafu, tukaazima mabenchi ya kanisa tukayapanga mistari. Mimi nikaona yako uchi uchi, nikaenda nyumbani mbio kuleta vitambaa vyangu vya kochi, vile vyeupe vya krosheti vyenye maua ya zambarau.

Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni akinitazama nikivitandika kwenye migongo ya mabenchi.

"Mama, si tulitaka aone shida?"

"Ataona, mwalimu. Lakini asituone wachafu."

Ningekuwa yeye ningevipokonya vile vitambaa nivitupe nje.

Afisa alikuja, akala kuku na chapati, akashukuru, akapiga picha. Msichana wangu aliketi benchi la mbele, mgongo umenyooka, anacheka. Siku hiyo hakukohoa hata mara moja. Ijumaa kanisa likachukua mabenchi yake, maana Jumamosi kulikuwa na harusi, na watoto wakarudi chini.

Muhula uliofuata madawati yalikuja Ruiru, yakapelekwa shule nyingine. Tukarudi kwenye lami. Afisa ni yule yule, na hakukasirika, ndiyo maana mpaka leo namchukia. Alitoa simu yake polepole akatuonyesha picha, mmoja mmoja, mpaka ikanifikia. Ni darasa letu, safi, mabenchi yamejaa. Mtoto wangu yuko mbele, kiwiko juu ya ua la zambarau.

"Wamama, kuna watoto wanasomea chini ya miti. Hii ni shule ya kulilia kweli?"

Wenzangu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akajifanya anafunga leso. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwacha msichana sakafuni, amekalia sweta lake, anakohoa, na mdomo wangu ukakosa maneno yote isipokuwa haya:

"Hivyo vitambaa ni vyangu."

Afisa akaisogeza simu karibu na macho, akaangalia vizuri.

"Ni maridadi sana, mama."

Nami, kwa mazoea, nikamwambia asante.