Nilimsimamisha Mama Kabla Mfupa Haujashika

Nimekosa. Sitaki kuzunguka. Mguu wa mama yangu nimeuharibu mimi, kwa mikono yangu hii, na mpaka leo nnavyokuandikieni, lawama anaibeba mtu mwengine kabisa.

Jina langu liacheni. Mimi ni fundi wa kuchomea, nnatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Karakana yangu ipo Ng'ambo, nyumba yangu Mpendae. Nna mke, nimwite Zuhura, si jina lake. Yeye anafundisha skuli.

Mama yangu mzazi ni mtu wa Chwaka, mkulima wa mwani. Tangu nimepata akili namjua hivyo. Bamvua likifika, maji yakatoka, yeye yumo ghubani na wenziwe, kainama, anafunga mbegu kwenye kamba na kutia vigingi. Kanilea kwa mwani ule. Kanisomesha ufundi kwa mwani ule ule.

Siku moja akateleza kule kule. Kakanyaga jiwe lenye ukoga, mguu ukabaki kwenye ufa, mwili ukaenda upande mwengine. Wenziwe ndio waliombeba mpaka pwani.

Nilipofika hospitali mjini, kifundo chake cha mguu kimevimba kama papai. Ngozi inang'aa, imetoa malengelenge. Mama kanitazama, kajilazimisha kucheka. "Usiogope, mwanangu. Mguu tu huu."

Mguu tu! Laiti ningalijua.

Daktari alikuwa mtu mpole, hana haraka na maneno. Katuwekea picha kwenye taa, mimi na Zuhura. Mifupa ya kifundo imevunjika pande zote mbili, wa nje na wa ndani, na zile kano zinazoishikanisha mifupa ya mguu zimekatika. "Huu hauponi kwa plasta peke yake," kasema. "Lazima tufungue, tuufunge kwa bamba la chuma na skrubu."

Kusikia chuma tu, masikio yakanisimama. Nikamuuliza, bamba gani? Nene au jembamba? Linakaa wapi?

Wala hakunidharau. Kanieleza vizuri. Kuna bamba la kawaida, skrubu zake hulibana kwenye mfupa, kwa hiyo linategemea mfupa wenyewe uwe mgumu. Kuna jengine, skrubu zake zina hesi, ile mizunguko ya kukazia, mpaka kichwani, zinajifunga kwenye bamba lenyewe. Hilo linashika hata kwenye mfupa laini, lakini ni nene, na ngozi ya kifundo ni nyembamba. Ukiliweka ubavuni kwenye ngozi iliyochoka, kidonda kinaweza kukataa kufunga.

"Mama yako mifupa yake imelainika kwa umri," kasema, "na ngozi yake ndiyo hiyo unaiona. Tutangoja uvimbe ushuke. Kisha ntatumia bamba jembamba, nilitie nyuma ya mfupa lisisukume ngozi. Litafanya kazi yake. Lakini sharti moja: asikanyage mpaka mimi nimwambie. Hata kwa kujaribu."

"Naam, daktari," nikasema.

Nilisema naam!

Kitanda cha pili yake alilala Bi Kibibi, mtu wa Ng'ambo, kaporomoka kwenye ngazi za nyumba ya bintiye Mji Mkongwe. Naye kifundo. Ila yeye mfupa uliovunjika ni mmoja, wa nje tu, na ngozi yake nzima. Yeye akatiwa lile bamba nene, ubavuni. Wakafanyiwa operesheni wiki moja, wakawa mashoga, wanagawana machungwa na hadithi.

Tulipompeleka mama nyumbani Mpendae, kazi yote ilikuwa ya Zuhura. Kumkogesha, kumpikia uji, kumbadilisha nguo. Asubuhi kabla ya kwenda skuli ashamaliza, na akirudi anaanza tena. Mimi kazi yangu ilikuwa kumbeba mama kumpeleka chooni nikiwepo. Hiyo tu.

Na hiyo tu ikanichosha. Jamani, nnasema kweli kwa sababu hamnioni uso. Nilichoka! Kila nikisikia "Mwanangu, uko wapi?" roho inanigwaya. Mama aliyenibeba mimi mgongoni, namuona mzito.

Basi siku moja nakatisha Darajani, nani namuona? Bi Kibibi! Anatembea. Kashika mkongojo mmoja, kikapu mkono wa pili, anachagua ndizi.

"Shikamoo Bi Kibibi! Ushapona?"

"Marahaba baba! Alhamdulillahi, daktari kaniruhusu nikanyage kidogo kidogo. Mwenzangu vipi?"

Nikamjibu mama hajambo. Lakini ndani nimewaka. Wamelala wadi moja, wamefanyiwa wiki moja, huyu anachagua ndizi, yule bado ananiita nimpeleke chooni? Njia nzima nikawa napiga hesabu za fundi. Bamba ni chuma. Skrubu ni chuma. Mimi chuma nnakijua, nnakipinda na kukiunga kila siku, uzito wa mama yule haukipindi! Nikajiambia mama anadeka. Nikajiambia daktari anatutisha.

Sikumbuki kujiuliza hata mara moja kuhusu mfupa. Lile bamba lilikuwa limeshikilia nini? Hilo sikujiuliza.

Nikaanza kumsema. "Mama, mwenzio anakwenda sokoni." Yeye anajifunika shuka. "Mama, ukilala sana mguu utakufa." Ananijibu pole pole, "Daktari kasema bado, mwanangu." Zuhura akinisikia anakuja juu: "Hebu muache mama! Wewe daktari?"

Nikangoja siku Zuhura hayupo.

Asubuhi ile kaosha choo, kamwaga maji, kasugua sakafu, kisha kavaa kwenda skuli. Mimi nikasema ntachelewa karakana. Mlango ulipofungwa tu, nikaenda chumbani kwa mama.

"Mama, leo tunasimama."

"Tunasimama vipi?"

"Nipe mikono. Mimi nimekushika, huanguki."

"Mwanangu, naogopa."

"Unaogopa nini? Bi Kibibi kafanya, wewe unashindwa nini?"

Kanitazama uso. Kisha kanipa mikono. Hakunipa kwa sababu kaamini. Kanipa kwa sababu mimi ni mwanawe na nimekunja uso. Hilo ndilo linaloniua.

Nikamvuta. Kasimama kwa mguu mzima. "Kanyaga na wa pili," nikamwambia. Kagusa, karudisha. "Kanyaga, mama! Usiuguse tu, ukanyage!"

Kakanyaga.

Hakikuwa kishindo. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama unavunja muwa mwembamba. Mama hakupiga kelele. Kucha zake ziliingia mabegani kwangu, jasho likamtoka usoni kwa mara moja.

"Niweke chini," kasema. "Niweke chini, mwanangu. Taratibu."

Nilimpigia simu Zuhura. Karudi anahema, hata viatu hajavua. "Kumetokea nini?"

Na mimi, kabla hata sijafikiri, ulimi ukatoka wenyewe: "Mama kateleza chooni."

Zuhura akashika kichwa. "Mimi! Mimi ndiye niliyekiosha asubuhi! Nimekiacha majimaji! Ya Rabbi, nimemuua mama wa watu!"

Nikamtazama mama. Mama kanitazama mimi. Nilijua atasema. Nilitaka aseme! Nilitaka aniumbue pale pale yaishe.

"Ndiyo, binti yangu," kamwambia Zuhura. "Niliteleza. Si kosa la mtu."

Hospitali wakapiga picha mpya. Daktari akaitazama, kisha akaniita mimi karibu, labda kwa sababu alikumbuka yale maswali yangu. Kanionesha kwa kalamu. Bamba limenyooka, zima, halina hata mkwaruzo. Skrubu zimechomoka kwenye mfupa, na mfupa umepasuka pale pale zilipokuwa zimeshika.

"Chuma hakina tatizo," kasema. "Mfupa ulikuwa bado haujawa tayari. Alikanyaga?"

"Niliteleza, daktari," mama kajibu kutoka kitandani.

Daktari kaishusha kalamu. Kanitazama. Mimi nikaendelea kuitazama picha.

Wakamfungua tena. Safari hii hawakuwa na hiari, wakamtia lile bamba nene ubavuni, kwa sababu mfupa uliobaki haushiki kitu chengine. Na lile alilolihofia daktari tangu mwanzo likatokea. Kidonda kikakataa kufunga. Kikatoa maji, kisha usaha, mpaka siku moja nesi anafungua bandeji, nikakiona chuma chenyewe kinang'aa ndani ya nyama ya mama yangu.

Mimi mtu wa vyuma. Nilitoka nje nikatapika.

Mwisho wake walitoa kila kitu. Kidonda kilipokauka wakakiunganisha kifundo kisipinde tena, kiwe kitu kimoja, ili angalau apate kusimama. Mguu upo. Haupindi. Utakuwa hivyo hivyo mpaka aende kaburini.

Sasa anasali kwenye kiti. Ghubani hawezi, tope na mawe yanataka mguu unaojua kujipinda. Sehemu yake ya mwani kampa mwenzake mmoja. Huyo hutuletea samaki akija mjini, na akishaondoka mama hukaa akiusugua ule mguu mpaka magharibi.

Na Zuhura je? Zuhura kila mama akitaka kwenda chooni hutangulia yeye, akapiga magoti, akaifuta sakafu kwa tambara kavu. Kila siku. Kapungua. Idi iliyopita kamshika mama mikono, analia, anamuomba radhi. Mama kamwambia, "Nshakusamehe, mwanangu, zamani." Anasamehewa jambo asilolifanya, na mimi nimekaa pale nimevaa kanzu mpya, nakula tambi!

Nilimwendea mama peke yake. Nikamwambia, "Mama, mimi ntamwambia Zuhura ukweli. Siwezi tena."

Hakunikasirikia. Kaniambia, "Usithubutu. Ukimwambia atakuona mtu gani? Ataondoka. Akiondoka yeye, mimi nani atanikogesha? Wewe?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Nilikuwa na mguu na nyumba," kasema. "Mguu umeuchukua. Nyumba niachie."

Wallahi, sijawahi kusikia neno zito kuliko hilo, na kalisema kama mtu anayeomba maji.

Sasa mimi nifanye nini? Nikisema, namvunjia mama hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Nikinyamaza, namla mke wangu taratibu. Nimekaa katikati, sina pa kwenda. Wiki iliyopita Zuhura kaniomba nitengeneze chuma cha kushikia ukutani chooni, asije mtu akateleza tena. Nimekitengeneza. Nimekipiga msasa mpaka kikawa laini kama kioo. Kakijaribu kwa mikono miwili, kakivuta, hakikutikisika.

"Madhubuti," kasema, na machozi yakamlengalenga. "Ungalikitia mapema, mume wangu, tungaliokoka sote."

Nikamwambia ni kweli.

Ndugu zangu mnaosoma, mkiwa na mgonjwa ndani, nakuombeni kwa Mungu, msimpime kwa mgonjwa wa jirani. Vyuma vipo vya namna nyingi, na vinatiwa kwa namna nyingi, na kila mmoja kavunjika kwa namna yake. Aliyeufungua mguu ndiye aliyeuona ndani. Wewe unaona bandeji tu. Usijione unajua kwa sababu ya kazi yako, wala kwa sababu umemuona mtu anatembea sokoni.

Na kama ushachoka kumuuguza, sema umechoka! Si aibu. Mwambie ndugu yako aje akupokee siku mbili. Mimi ningalisema neno hilo moja, nimechoka, Zuhura angalinielewa, na mama angalinicheka tu. Badala yake nilisema uwongo, na uwongo ule mama yangu kautia sahihi yake ili mimi nisiaibike.

Mniombee. Wala siombi msamaha, msamaha nishapewa kabla sijauomba, na hauniingii. Niombeeni mdomo ufunguke, au basi Zuhura ayasome haya kwa bahati, ainue uso, aniulize. Akiniuliza sitakataa.

Lakini Zuhura hana nafasi ya kusoma. Sasa hivi nnamsikia, yumo chooni, anafuta.