Shamba la Ukutani

Kampuni yetu ilianza na watu wanne katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, Mbinga mjini. Tulitengeneza programu ya simu: mkulima anapiga picha shamba lake, simu inamwambia kasoro. Wafadhili walipoipenda tulihamia ghorofani, tukanunua viti vya kuzunguka, na bosi akaanza kupanda ngazi kama mtu aliyezijenga.

Ukuta mzima wa mapokezi ulibandikwa picha ya mteremko wa kijiji cha Ruanda, hapo hapo Mbinga, uliojaa ngolo, vile vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki. Wageni waliisifu. Mimi tu ndiye niliyejua ni shamba la nani: la mama mmoja mkulima aliyenipandisha milimani miaka miwili kupiga picha za mashamba, kwa posho ya nauli tu.

Tulipotangaza kazi ya afisa mashamba, mama huyo aliomba. Goti lilishaanza kumkatalia jembe, na afisa hupewa pikipiki na mshahara. Mimi niliandika kumbukumbu za usaili.

“Shikamoo mama,” bosi alisema, macho kwenye simu. Kisha akageuza kompyuta. Katika picha ya shamba, programu ilikuwa imezungushia kila shimo duara jekundu. “Unaona uharibifu gani hapa?”

“Uharibifu?” Mama akacheka. “Mwanangu, hizo ni ngolo. Tunazichimba wenyewe, maji ya mvua yatulie humo, udongo usiteremke mtoni.”

“Mfumo unasema ni mmomonyoko.”

“Huo mfumo wako umewahi kushika jembe?”

Nilikohoa kuficha kicheko. Bosi alimshukuru, akamwita aliyefuata: mhitimu mwenye tai, ambaye aliyakubali maduara yote, akaongeza mawili ambayo hata programu haikuyaona. Akaajiriwa papo hapo.

Mama alipoambiwa kwamba amekosa kazi, alisimama mbele ya picha ya mapokezi.

“Kumbe na hili ni bovu?”

“Hilo ni pambo tu, mama,” bosi akajibu.

“Basi libandueni. Ni shamba langu.”

Bosi alinitazama, maana nilizoea kumthibitishia mambo ya mashambani. Nilisema sina hakika.

Mama akashuka ngazi akishika ukuta. Bosi akanisomea la kuandika: “Mwombaji hana uelewa wa mashamba.” Niliandika bila kukosea hata herufi, kwenye kiti changu kipya.