Kibuyu Kilichosingiziwa

Pikapu ilipokata kona na bonde la Subukia likafunguka chini yao, mgeni aliyeomba lifti Nakuru aliuliza kama wamefika. Hakuwahi kukanyaga huko. Jemutai hakumsikia. Macho yake yalikuwa yanamtafuta ng'ombe mmoja mweupe kwenye shamba la wazazi wake. Alipomwona bado anacheua kando ya ua, akashusha pumzi. Mwenye bucha alikuwa hajaja.

"Daktari, hiyo boksi umeikumbatia kama mtoto," Gurdial akamtania huku akiendesha. Alikuwa akipeleka chakula cha mifugo huko bondeni.

Jemutai hakuwa daktari, alifanya kazi maabara. Lakini mwaka huo wote wa 2007 hakuwa na hadithi nyingine ila ya vimeng'enya. Njia nzima alikuwa akimweleza mgeni: kuna virusi vinavyozaliana ndani ya bakteria, halafu vinatoa kimeng'enya cha kukata ukuta wake ili vitoke. Wataalamu walikuwa wamejifunza kukitengeneza kimeng'enya hicho peke yake na kuukata ukuta kutoka nje.

"Bakteria ni gunia la mahindi lililojaa mpaka likakaza," alisema. "Kata uzi, yote yanamwagika. Na hiki chetu kinajua uzi wa gunia moja tu. Mengine hakigusi."

Mkubwa wake aliota siku ambayo kingetibu vidonda vya watu vilivyoshinda antibayotiki. Kwa sasa walikuwa wanakijaribu kwa ng'ombe, na Jemutai alikuwa amemwombea nafasi Chelel, yule ng'ombe mweupe wa mama yake.

Kiwele cha Chelel kilikuwa kimevimba kwa miezi. Antibayotiki zilikipunguza, kisha kikavimba tena. Juu ya hayo, maziwa yake yaligoma kuganda. Chepkemei, mama yake Jemutai, alikilaumu kibuyu. Alikisugua, akakifukiza upya kwa mkaa wa mti wa senetwet, na mwishowe akamsema mke wa mwanawe kwamba hajui kutunza kibuyu. Hawakusemezana mpaka Jemutai alipokuja na kueleza kuwa dawa iliyobaki kwenye maziwa ilikuwa inawaua hata wadudu wema wanaogandisha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni.

Wiki iliyopita daktari wa mifugo alikuwa amemtia Chelel kimeng'enya. Uvimbe ukashuka. Lakini Kiprugut, baba yake Jemutai, alishikilia kwamba daktari alichanganya dawa ile ile ya zamani kisirisiri, uvimbe utarudi, na heri ng'ombe auzwe akiwa na nyama. Ndipo Chepkemei alipokama chuchu ile iliyougua na kujaza kibuyu kile kile, waone kama yataganda.

Sasa, pikapu iliposimama, alikileta uani. Kiprugut akasogea karibu, simu mkononi. Chepkemei akatoa kifuniko, akainamisha kibuyu juu ya bakuli.

Kwanza hakikutoka kitu. Kisha yakateremka mapande mazito, ya kijivujivu kwa mkaa, na harufu yake ikaenea uani. Jemutai akacheka hadi akashika kiuno.

"Baba, ingekuwa dawa ya zamani, ingewaua wadudu wema, na hapa pangekuwa na maziwa maji tu."

Mzee alinyoosha kidole aonje, bintiye akauondoa mkono. Hakuna kuonja kabla ya maabara kusema. Kiprugut akalitazama bakuli, akamtazama Chelel, akapiga simu.

"Usije leo," alimwambia mwenye bucha. "Hata kesho, ngoja nikuite."

Chepkemei akarudisha kifuniko. Alikichukua kibuyu, akaenda nacho hadi mlango wa mke wa mwanawe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jemutai alikuwa tayari amechuchumaa chini ya Chelel akikamua maziwa mabichi kwenye chupa. Kama huko maabara yasingeotesha bakteria yule wa uvimbe, wangekuwa na habari kubwa. Akaifukia chupa kwenye barafu ndani ya boksi na kukimbilia pikapu, kanga ikipeperuka. Gurdial alikuwa anapiga honi.

Mgeni naye aliinuka awafuate, lakini Chepkemei alikuwa amempa kikombe cha mursik wa ng'ombe mwingine, na kwake mtu haachi kikombe nusu. Mgeni akaketi tena. Vumbi la pikapu lilikuwa tayari linapanda mlima kuelekea Nakuru.