Mikaratusi ya Bondeni

Majuzi nilipiga foleni katika ofisi moja ya kilimo huko Nyamira, nyuma ya mama mkulima aliyevaa buti za mpira zenye matope.

"Mama, ng'oa mikaratusi yote kando ya mto," afisa alimwambia. "Inakunywa maji sana. Wenzako kule chini, karibu na ziwa, mashamba yao yanakauka."

"Si redio ilisema wamefurika?"

"Hiyo ni wakati wa mvua. Mvua ikikatika, wanakauka."

Mama akajikuna kichwa juu ya kitambaa. "Lakini hiyo miche mlituletea nyinyi. Mlisema bonde lina maji mengi, tulikaushe."

Afisa akachovya kidole kwenye chai yake, akachora mto mezani. Akautazama, kisha akaufuta kwa kiganja.

"Hiyo miti ndiyo karo ya watoto wangu," mama akasema. "Nikiing'oa, nipande nini?"

"Panda nduma. Zinapenda majimaji."

Mama alimkazia macho. "Nduma ndizo nilizong'oa nikapanda hiyo miti yenu."

Zamu yangu ilipofika, afisa aliniuliza nisaidiwe nini. Nilikuwa nimeenda kuuliza nipande nini bondeni kwangu. Nikamwambia nimekosea mlango.