Kioo Juu ya Bati

Miaka ile ya vita, Kalemie, mji wetu kando ya ziwa, tuliogopa kila kinachong'aa. Mabati ya nyumba tuliyapaka matope. Sufuria tukaacha kuzisugua kwa mchanga wa ziwa, maana ilisemekana rubani wa ndege ya mabomu akiona mng'ao tu, amepata pa kuangushia. Mimi niliyelelewa na mama aliyeweza kujitazama kwenye sufuria zake, masizi yale yalinitia hasira kila siku.

Kiangazi kimoja, milima nyuma ya mji inawaka moto wa nyasi na moshi umeficha ng'ambo ya ziwa, nikasikia redioni habari za ndege nyingine kabisa. Ilikuwa ya wataalamu. Inaruka juu sana, macho hayaifikii, na rubani wake huvaa vazi la kumziba mwili mzima asife kwa hewa nyembamba. Bomu haina, ina mirija ya kuvuta hewa na kunasa chembe za moshi, ndogo kuliko unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Wataalamu wakizipima, wanajua kilichoungua ni nini. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini. Mwishoni mtangazaji akasema ndege hiyo inazunguka nchi za kusini tu. Kwetu haipiti, kuna vita.

Iliniuma. Yaani hata moshi wetu hauna wa kuupima?

"Utaupima wewe," mume wangu akanitania.

Nikaupima. Nilipata kipande cha kioo cha dirisha, nikakipaka mawese, nikakiweka juu ya bati. Chembe zangu za kwanza zilikuwa na miguu: sisimizi watupu. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. Nikabadili, nikapaka vazelini, na kesho yake kioo kilikuwa na vumbi jeusi, laini hata vidole havikulihisi. Limetoka wapi? Limesafiri siku ngapi? Nilifurahi kupita kiasi, nikakirudisha juu, na wala sikukumbuka kwamba kioo hung'aa.

Askari aliingia uani mchana, jua kali. Nilipotoka jikoni alikuwa tayari amemkamata mume wangu shingoni, mkono mwingine ukikielekeza kioo juu ya bati.

"Papa, hii njo alama yako ya kuita ndege?"

Waliochukuliwa kwa neno hilo, kwamba ndio wanaoita ndege, hatukuwaona tena. Nilimkimbilia yule askari.

"Shefu, umuache! Kioo njo yangu. Haiite ndege, inashika moshi."

Alinitazama kama anayemtazama mwenda wazimu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: redio, mirija, rubani aliyezibwa mwili mzima. Nikakishusha kioo, nikamwonyesha ule weusi. "Ona. Hii njo tunavuta mu kifua. Upepo inaileta toka mbali."

Mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa mume wangu. "Upepo ya wapi?"

"Wakati huu, ya kusini. Inapita Zongwe, inapita Moba, inafika huku."

"Na Kirungu?"

"Na Kirungu."

Akamwachia. Akakishika kioo kwa mikono miwili, akakinusa kwa muda mrefu.

"Mama yangu na mutoto wangu wako kule," akasema. "Tangu walipigana kule, sipate habari." Kisha akanyanyua macho. "Unasema ile ndege inajua kitu gani iliungua. Basi uniambie, mama. Hii ni majani, ao ni manyumba?"

Nilitafuta uongo wa kumtuliza, sikuupata. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa namwogopa.

"Sijue, shefu. Wale wa ndege njo wanajua. Mimi niko na kioo tu."

Alikipangusa kwa mkono wa shati lake mpaka kikang'aa, akanirudishia.

"Paka tena. Kesho nitapita kuangalia kama moshi imepunguka."

Nilikipaka vazelini. Akapanda juu ya kiti mwenyewe, bunduki mgongoni, akakiweka juu ya bati upande wa kusini.