Mafuta Niliyoyasikia kwa Masikio Yangu

Nichekeni tu, nimejitakia. Pikipiki ya marehemu mume wangu geji yake ya mafuta ilikufa mapema. Kila asubuhi aliitikisa, mie nikatega sikio na kumwambia kama yatatufikisha. Aliniamini kuliko fundi. Namkumbuka mpaka leo.

Juzi nilikuwa nawahi ndoa ya mjukuu wangu Kawe, nimepakata mzigo wangu wa sherehe. Dereva wa bodaboda akasema geji yake inadanganya, tupitie sheli.

“Sheli ya nini? Tikisa nisikie.”

Akatikisa.

“Yamejaa tele! Twende, mwanangu.”

Kufika Buguruni, pikipiki ikazima. Akafungua tangi, kavu kabisa. Akaitikisa tena, mlio ukasikika ule ule.

“Bibi,” akasema taratibu, “hebu shuka kwanza na hilo dumu lako la juisi.”