Shingo Muachieni

Juzi, kwenye tamthilia ya mambo ya kale wanayoipenda wajukuu zangu, walipitishwa watumwa waliofungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Wajukuu waliendelea kutafuna bisi. Mie nilisikia harufu ya muhogo mbichi, nikarudi uani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, mchana wa akika ya mdogo wangu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akimenya muhogo. Baba akaingia na kaptula yake ya kaki, anamvuta mbuzi kwa kamba ya usumba iliyomkaba shingo. Bibi aliinuka na kisu chake, akaikata ile kamba.

“Mama! Atakimbia!”

“Akikimbia mkamateni. Mfungeni mguu, shingo muachieni.”

Mbuzi alikwishafika kwenye mihogo ya jirani. Sie watoto tukamfukuza kwa vicheko, na nyuma yetu Bibi akapiga kigelegele kirefu, yeye ambaye hata harusini alikuwaga kimya. Nikadhani anamshangilia mtoto.

Jioni alikula nyama ya mbuzi yuleyule, akalamba na vidole. Kwao alikotoka alisema ni bara, basi, na baba alitukataza kuuliza zaidi.

Mpaka leo kwetu mbuzi hufungwa mguu, na nilidhani ni mazoea tu. Juzi ndipo nilipojua kigelegele kile kilikuwa cha mbuzi aliyeachiwa shingo. Nikakipiga na mie, palepale kwenye kochi, na wajukuu wakaacha bisi zao wakanitazama.